Siku Wakala Ulipotafuta Shahidi Hedaru

Napenda kuutangazia umma kwamba tangu mwezi wa saba mwaka huu watu wa Hedaru waliruhusiwa rasmi kuaminiana.

Kabla ya hapo walikuwa wakiaminiana hivyo hivyo tu, bila kibali, kila mtu na jirani yake, kana kwamba nchi haina ofisi. Hali hiyo iliisikitisha sana taasisi yetu. Mimi naitwa Melkizedeki Mbwambo, na ndimi niliyekabidhiwa jukumu la kuikomesha, kwa cheo cha Mratibu wa Imani, Kanda ya Barabara Kuu. Kanda yangu inaanzia Hedaru na kuishia Same mjini. Nilipewa muhuri na kiti cha kuzunguka. Gari lilikuwa kwenye mchakato.

Taasisi yenyewe ni Wakala wa Kukuza Imani ya Wawekezaji, kwa kifupi WAKIWA. Siku ya kwanza nilipolitaja jina hilo sokoni, wachuuzi walisubiri nimalizie sentensi.

Mkurugenzi wetu Mkuu, Daktari Novatus, si daktari wa kutibu. Ni daktari wa kuandika. Wataalamu walikuwa wamemweleza kwamba masoko ya fedha hustawi pale ambapo wananchi wanaziamini taasisi, na taasisi zenyewe zinaendeshwa vizuri. Hilo la pili alilipitia harakaharaka, akabaki na la kwanza. Akaagiza utafiti ufanyike Hedaru. Utafiti ukaonyesha kwamba watu wa pale wanaaminiana kupita kiasi. Mwenye duka anakwenda kuswali, anamwachia jirani duka. Mama anapandisha vitunguu dirishani, abiria anamrushia pesa basi likiwa linaondoka. Lakini walipoulizwa kama wangeweka akiba zao kwenye Mfuko wa Imani wa Wakala, walicheka, na mama mmoja akaomba swali lirudiwe ili na mumewe alisikie.

"Unaona, Melkizedeki," Mkurugenzi aliniambia, "imani ipo, ila imekaa mahali pabaya. Ni kama maji ya ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia huko milimani kwenu. Ukiyaacha yatiririke ovyo, yanaishia kwenye migomba ya watu. Tukiziba huko, yatakuja kwetu."

Nilimwambia kwamba sisi Wapare tunachimba ndiva ili maji yafike kwenye migomba ya watu. Akasema huo ndio mtazamo finyu unaodumaza masoko ya mitaji. Nikakubali. Yeye ndiye aliyekuwa anasaini posho.

Ndipo ukazaliwa Waraka wa Kudhibiti Kuaminiana Kiholela. Kuanzia sasa, ukitaka kumwachia mtu mali yako, kumkopesha, au kupokea ahadi yake, sharti awe na Cheti cha Uaminifu kinachotolewa na Wakala. Na ili apate cheti, sharti awe na shahidi asiye mtumishi wa Wakala, aliyewahi kumwamini na hakujuta. Ibara hiyo Mkurugenzi aliiandika kwa mkono wake na alipenda kuisoma kwa sauti. Vyeti vyenyewe vilikuwa bado havijachapishwa, lakini katazo lilikuwa tayari, na utawala bora hauwezi kusubiri kila kitu kikamilike kwa pamoja.

Kikwazo chetu kikubwa kilikuwa Bi Mwanamkasi. Huyu ni mama mtu mzima anayeuza vitunguu, na ndiye mwenyekiti wa kikoba kinachoitwa Tuonane Alhamisi. Kikoba hicho kilikuwa kimeweka akiba kwa muda mrefu ili wajenge ghala, maana vitunguu vikikosa kivuli kwenye joto la Hedaru vinaoza kabla lori halijafika. Mkurugenzi alitaka akiba hiyo iingizwe kwenye Mfuko wa Imani siku ya uzinduzi, mbele ya wageni, ili wageni nao wavutike.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anachambua vitunguu.

"Shikamoo, Bi Mwanamkasi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Mbwambo wa Mamba, yule mkulima wa tangawizi."

"Aa. Basi kaa."

Nikakaa. Nikamweleza habari za mfuko, kina cha soko, na ukwasi. Alisikiliza vizuri kabisa. Nilipofika kwenye mseto wa uwekezaji alimwita Mwanaidi, jirani yake wa meza ya pili, aje asikilize naye.

"Sasa hizo pesa zikishaingia huko," akauliza, "anazishika nani?"

"Bodi."

"Bodi ni mtoto wa nani?"

Nikamfafanulia kwamba Bodi si mtu, ni chombo.

"Chombo," alimwambia Mwanaidi, taratibu, kama mtu anayemtafsiria mgonjwa maneno ya mganga.

"Na hicho chombo kikitupiga," Mwanaidi akauliza, "tunakwenda kugonga kwa nani?"

Nikasema lipo dawati la malalamiko. Lilikuwepo kweli; ndilo nililokuwa nalitumia kama meza ya chakula cha mchana.

Bi Mwanamkasi akapangusa mikono. "Pesa si yangu, ni ya watu, nitawafikishia Alhamisi. Lakini mwanangu, mimi nampa mtu mali kwa kuwa najua mlango wake, naye anaujua wangu. Akinidhulumu, hata msibani hatakaa kwa raha. Huyo Bodi, akifa, anazikwa wapi?"

Katika taarifa yangu ya wiki niliandika kwamba mdau ameonyesha shauku ya kufahamu zaidi kuhusu mustakabali wa Bodi.

Alhamisi ilipopita, kikoba kikajibu kwamba bado kinafikiri. Mkurugenzi akaniamuru nianze operesheni, ili wakiona imani ya holela imefungwa, waje kwenye imani rasmi.

Nilianza na Muhidin. Muhidin anakodisha hema na viti vya sherehe, na nyumba aliyotupangishia ofisi ni yake. Adhana ya adhuhuri ilipolia alitoka dukani, akamwashiria Hamidu, fundi cherehani wa mlango wa pili, amwangalizie. Nikamsimamisha.

"Hamidu ana cheti?"

"Hamidu nimekua naye."

"Sijauliza umekua na nani. Nimeuliza cheti."

Muhidin akageuka akamtazama Hamidu kwa muda, kama ndiyo kwanza anamwona. "Kweli," akasema, "hata mimi sijawahi kumuuliza." Akafunga duka kwa kufuli. Hamidu akaona ametukanwa mbele za watu, naye akafunga lake. Baada ya siku chache mstari mzima wa maduka ulikuwa unafungwa adhuhuri, na watu waliotoka msikitini walikuwa wanazungumzia ubora wa makufuli. Muuza makufuli alinawiri sana. Nilimwingiza kwenye taarifa kama ukuaji wa sekta binafsi.

Kwenye mabasi mambo yalikwenda vizuri zaidi. Wauzaji hawakutoa vitunguu mpaka waishike pesa, na abiria hawakutoa pesa mpaka wavishike vitunguu. Mkono wa juu na mkono wa chini ilibaki inatazamana hewani mpaka dereva alipoondoa gari. Niliandika: "Matukio ya kuaminiana kiholela yameshuka kwa kiwango cha kuridhisha. Biashara nayo imetulia."

Vitunguu vikaanza kuoza. Harufu ilipanda mpaka ofisini. Jioni moja nilimwona Mwanaidi akimwaga gunia zima mtaroni. Alipita mbele ya mlango wangu bila kunisalimia, na yeye ni mtu anayesalimia hata mbuzi. Nikajiambia ni joto.

Ikafika siku ya uzinduzi. Wawekezaji walikuwa wanatoka Dar es Salaam na nje ya nchi, wakiongozwa na mama mmoja anayeitwa Bi Eva, ambaye tuliambiwa akikohoa tu masoko yanatikisika. Mimi nilikuwa nimeandaa kila kitu. Hema na viti vya Muhidin. Pilau la Shamimu, mama lishe wa stendi. Spika za vijana wa studio. Vyote tulikubaliana kwamba vitalipwa fungu likishuka kutoka makao makuu. Fungu letu ni kama mvua ya Hedaru: unaiona juu ya milima, inanguruma, halafu inakwenda kunyesha kwa wenzako.

Asubuhi nilipofika uwanjani nilikuta vumbi peke yake. Muhidin alikuwa amesimama pembeni na mkokoteni, viti vimefungwa kamba.

"Muhidin, viti."

"Hivi hapa, Afisa."

"Mbona hushushi?"

"Naogopa kuvunja sheria. Pesa ya viti mlisema mtaleta baadaye. Hiyo si ahadi? Na ninyi hamna cheti."

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Sikuiona. Niliona utii tu, ule ule niliomfundisha mwenyewe. Nikakimbilia kwa Shamimu. Alikuwa amesimama mbele ya sufuria lake kama askari wa benki, na pilau lilikuwa linanukia kwa namna inayodhoofisha msimamo wa serikali yoyote.

"Shamimu dada yangu, wageni wako karibu kufika."

"Nimesikia, kaka. Ila mimi nina watoto, sitaki kesi."

Msafara ukaingia. Mkurugenzi akashuka na suti yake, nyuma yake boksi la vyeti vilivyochapishwa usiku uliopita. Nilimnong'oneza hali ilivyo. Hakutetereka, na kwa hilo nitamheshimu daima.

"Rahisi kabisa," akasema. "Tunaupa Wakala cheti cha kwanza, hapa hapa, mbele ya wageni. Itapendeza." Akachukua kipaza sauti, ambacho hakikuwa kimeunganishwa na kitu, akaanza kuisoma ile ibara yake kwa mapenzi. Alipofika kwenye shahidi alipunguza mwendo. Alipofika kwenye kujuta alisimama.

"Ndugu wananchi," akasema, "ni nani hapa amewahi kuuamini Wakala?"

Muhidin akanyoosha mkono. Mkurugenzi akatabasamu mpaka nikaona jino lake la dhahabu.

"Niliwapa nyumba ya ofisi," Muhidin alisema.

"Vizuri sana. Na hukujuta?"

"Sijamaliza kujuta, mheshimiwa. Nikimaliza nitakuja kushuhudia."

Jua la Hedaru halina itifaki. Wageni walikuwa wamesimama wima, mmoja amejifunika kichwa na kijarida chetu. Mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ya chini kama ibara inaweza kufutwa. Nikamkumbusha kwamba marekebisho ni kazi ya Bodi, na Bodi ilikuwa Dodoma ikisubiri posho ya kikao.

Hapo Bi Mwanamkasi akasogea. Hakuwa na nia mbaya. Nadhani aliwaonea wageni huruma, na pilau pia. "Baba," akamwambia Mkurugenzi, "kwenye kikoba mtu asiye na shahidi tunamtafutia njia. Tunamwachia mali ya mtu aiangalie kidogo. Tukirudi tunaona imekuwaje."

Mkurugenzi alicheka kidogo na kuwageukia wageni ili wacheke pamoja. Bi Eva hakucheka. Alisema, "Hebu tuone."

Basi Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Kukuza Imani ya Wawekezaji akakabidhiwa meza ya vitunguu ya Mwanaidi. Mwanaidi akamwonyesha fungu la bei hii na neti, ule mfuko wa wavu, ya bei ile, akajitanda kanga vizuri, akaenda zake kuswali. Sisi wengine tukasimama kando chini ya kibaraza cha Hamidu.

Likaja basi la Arusha. Abiria, mama mmoja mnene mwenye haraka, akatoa mkono dirishani. "Baba, nipe neti hiyo."

"Una cheti?" Mkurugenzi akamuuliza.

"Cheti cha nini? Cha kuzaliwa?"

"Cha uaminifu."

"Baba, gari linaondoka."

Na kweli lilikuwa linaondoka. Mama akajinyoosha, akaidaka neti mwenyewe. "Pesa hiyo, narusha," akasema, akarusha noti. Lakini Mkurugenzi hakuiona noti. Aliona neti inaondoka. Akaanza kukimbia. Alikimbia na viatu vyake vya kung'aa, tai imeruka begani, akilitajia basi vifungu vya Waraka kimoja baada ya kingine, mpaka vumbi likammeza kule darajani.

Mkubwa akikimbia hadharani, mdogo anatazama milima.

Huku nyuma basi la pili likafika. Meza haikuwa na mtu, lakini meza ya Mwanaidi inajulikana na madereva wote wa njia ile. Abiria walishuka wakachagua, wakaweka pesa chini ya jiwe la mizani. Mmoja alikosa chenji. Hamidu akamrushia kutoka kibarazani bila kuinuka. Noti ya mama mnene iliokotwa na dereva wa bodaboda, akaiweka pamoja na nyingine chini ya jiwe. Kisha basi likaondoka, na meza ikabaki na jiwe la mizani tu. Sheria ilikuwa inavunjwa mbele ya macho yangu, nami nilikuwa na muhuri mfukoni. Sijui nini kilinizuia. Nilihisi njaa, na kitu kingine kama furaha, ambacho hakimo kwenye muundo wa utumishi.

Mkurugenzi akarudi mweupe kwa vumbi kama aliyetoka kusaga mahindi. Akaitazama meza tupu. Akaketi juu ya gunia.

"Mmeona wenyewe," akawaambia wageni kwa uchungu wa kweli. "Nimegeuka kidogo tu, wamemaliza kila kitu. Watu hawa hawaaminiki. Ndiyo maana Wakala unahitaji bajeti kubwa zaidi."

Mwanaidi akarudi. Akaitazama meza, akainua jiwe, akapitisha kidole kwenye pesa, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Nani alikuwa anauza?" akauliza.

"Hakuna," Hamidu akajibu.

"Na huyu?"

"Alikuwa anakimbia, analifukuza basi la abiria aliyemdai cheti."

Mwanaidi akafikiri. "Basi mimi nitamshuhudia," akasema.

Mkurugenzi akainua uso.

"Nilimwachia meza na sikujuta," Mwanaidi akaendelea. "Alipokuwepo, neti moja tu ilimshinda kuuza. Alipoondoka, mali yote ikauzika. Andikeni hivyo hivyo, msinibadilishie."

Kwa mujibu wa Waraka, maneno ya shahidi hayabadilishwi. Niliyanakili yote kwenye cheti kwa mwandiko wangu mzuri wa shule ya bweni, na kwenye mstari wa muhtasari nikaandika: *Wakala huu unaaminika usipokuwepo.* Nikapiga muhuri. Mkurugenzi akakipokea kwa mikono miwili, wageni wakapiga makofi, na kwa kuwa sasa tulikuwa na cheti halali, Muhidin akakata kamba za viti.

Pilau lilikuwa zuri. Wageni walikula wakiwa wamemzunguka Bi Mwanamkasi. Nilimsikia Bi Eva akimuuliza kuhusu ghala, na kama mtu wa mbali anaweza kuchangia akapata sehemu yake.

"Njoo Alhamisi," Bi Mwanamkasi alimjibu. "Mgeni anakaa mlangoni kwanza, tumzoee. Na chai anajilipia."

Bi Eva alikuja. Alikaa mlangoni, akajilipia chai. Alikuja tena na tena, mpaka watoto wa mtaani wakawa wanamwita shangazi. Leo ghala lina kuta na bati, na kila Alhamisi wanasomewa hesabu zake kwa sauti, anayetaka kuuliza anauliza. Watu wa Kwakoa wamenunua sehemu, watu wa Same pia, na siku hizi mwenye shida anamuuzia mwenzake sehemu yake kwa bei wanayopatana hapo hapo. Kitaalamu hilo linaitwa soko la hisa, lakini nimeombwa nisiwaambie, wasije wakaogopa.

Makao makuu walikisoma cheti chetu kwa makini. Walikiri kwamba ni ushahidi pekee wa kisheria kuwa Wakala unaaminika, na kwamba ni wajibu wa kila mtumishi kuulinda. Kwa msingi huo wakaelekeza Wakala usiwepo. Ofisi zikafungwa, Mfuko wa Imani ukaachwa mikononi mwa Bodi, Waraka ukafutwa, maduka yakaachiwa majirani, na Daktari Novatus akateuliwa kuwa mshauri asiye na kituo. Mimi nimebaki Hedaru kwa kuwa fungu la uhamisho halijashuka. Ninahudhuria kikoba, nakaa mlangoni, na Mwanaidi ameanza tena kunisalimia.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumeanza kikao, mlango ukagongwa. Alikuwa Daktari Novatus, ameshuka kwenye basi, hana tai, ameshika mkoba kwapani. Akamwamkia Bi Mwanamkasi, akaomba kwa adabu kuweka akiba yake ya uzeeni kwenye ghala.

Bi Mwanamkasi akamtazama. "Baba, si una ule Mfuko wenu wa Imani? Kwa nini usiweke huko?"

Daktari Novatus akageuka nyuma kuona kama kuna anayesikia.

"Huko," akasema, "watu wake nawafahamu."

Bi Mwanamkasi akamwitia chai, akamwambia ni ya kulipia, na mimi nikaambiwa nisogee kidogo, mlango ni mpana, tutatosha.